Sura ya Saba: Kinachobeba Tumbo

Ndama akishatoka, kila mtu zizini humpa ng'ombe kisogo. Mwenye mifugo anamfuta ndama kamasi puani, watoto wanauliza ni dume au jike, na jirani aliyekuja kushika kamba anatafuta maji ya kunawa. Daktari wa mifugo ndiye pekee anayebaki ubavuni, upande wa kushoto, mbele ya tundu lenye urefu wa sentimita 35 hadi 40, kwenye mnyama aliyesimama kwa miguu yake minne. Ganzi ya lidokeini aliyoichoma kandokando ya uti wa mgongo haitamsubiri. Kazi iliyobaki ni ya sindano na uzi, na mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko kumtoa ndama mwenyewe.

Upasuaji huu si kitu cha ajabu kwa wafugaji wadogo wa maziwa wa Rungwe, Kilimanjaro au Kiambu, ambako mtamba mwenye umbo dogo, akihimilishwa kwa mbegu za dume kubwa, huweza kubeba ndama asiyepita kwenye nyonga zake. Jambo moja hujirudia kila mahali: kesho yake asubuhi mwenye ng'ombe huenda kukagua mshono, na anachokagua ni ngozi. Mishono ikiwa imepangana sawasawa, daktari anasifiwa. Ikiwa imekwenda upogo, habari zinafika sokoni kabla ya maziwa.

Lakini ngozi ya ubavu haibebi karibu chochote. Uzito wa matumbo, msukumo wa gesi na kila kikohozi vinabebwa na matabaka ambayo mwenye ng'ombe hatayaona kamwe. Daktari anapochagua mtindo wa kushona, hujiuliza tabaka lipi linabeba mzigo, uzi utatakiwa kushika kwa siku ngapi, na fundo moja likiachia kitatokea nini. Majibu hubadilika kila sindano inaposogea tabaka moja kuelekea nje.

Tuanze na kizazi. Mshono unaotumika sana kukifunga kizazi cha ng'ombe una jina la mji wa Utrecht, Uholanzi, wenye chuo cha udaktari wa mifugo kilichoanzishwa mwaka 1821. Sindano huingia kwa mshazari, hupita ndani ya unene wa ukuta wa kizazi bila kutoboa hadi ndani, kisha hutoka karibu na ukingo wa kidonda. Uzi ukikazwa, kingo mbili hujikunja kuelekea ndani na kuumeza uzi wenyewe. Fundo la mwanzo na la mwisho hufichwa chini ya mkunjo huohuo. Ukitazama kizazi kilichofungwa hivyo, unaona mstari tu.

Usiri huo una sababu. Uzi unaobaki wazi juu ya kizazi hukaribisha mafuta na matumbo ya jirani kuja kunata, na kizazi kilichonata na viungo vingine hakipokei mimba ijayo kwa urahisi. Kwa mfugaji anayeishi kwa maziwa, ng'ombe asiyeshika mimba tena ni hasara inayokuja polepole, bila damu wala kelele, miezi mingi baada ya daktari kusifiwa. Kwa upande wa uimara, kizazi hakidai mengi. Baada ya kuzaa husinyaa kwa kasi, mishono hulegea yenyewe, na kinachohitajika ni kuziba kwa siku chache tu. Ndiyo maana hata katiguti, uzi wa kale unaotengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe, bado una nafasi yake hapa.

Katiguti yenyewe ina deni kwa ndama. Mwishoni mwa mwaka 1868 Joseph Lister, daktari Mwingereza aliyekuwa akifundisha Glasgow na aliyejulikana kwa kutumia asidi ya kaboliki kuzuia usaha, alifunga mshipa mkubwa wa damu wa shingoni mwa ndama kwa nyuzi za asili alizoziloweka kwenye asidi hiyo. Baada ya siku 30 ndama alichinjwa. Lister alikuta mahali pa uzi pameshikwa na tishu hai, bila usaha. Hadi wakati huo madaktari wengi walikuwa wakiacha ncha ndefu za nyuzi zikining'inia nje ya kidonda, wakisubiri mwili uzioze na kuzitoa. Sasa uzi uliweza kukatwa mfupi, kuzikwa na kusahauliwa. Karibu kila mshono wa ndani unaoelezwa katika sura hii usingewezekana bila wazo hilo.

Mbwa nao walichangia. Mwaka 1887 William Halsted wa Marekani alichapisha majaribio aliyoyafanya kwenye matumbo ya mbwa. Alitaka kujua sindano inapopita kwenye ukuta wa utumbo, ni tabaka gani linaloushika uzi. Aligundua kwamba utando wa nje, misuli, na utando laini wa ndani vyote huchanika kirahisi. Uzi unashikwa na tabaka jembamba jeupe lililo kati ya misuli na utando wa ndani. Tabaka hilohilo la utumbo ndilo linalotengenezewa ganda la soseji, na ndilo linalotoa katiguti ya kondoo. Tangu hapo mwanafunzi wa upasuaji, awe wa binadamu au wa wanyama, hufundishwa kuhakikisha sindano yake imelipata. Asipolipata, mshono utapendeza mezani na kuvuja siku ya tatu hadi ya tano, wakati uvimbe wa uponaji umelainisha kingo na nyuzi mpya za mwili bado hazijakomaa.

Turudi ubavuni. Kizazi kikishafungwa na kurudishwa mahali pake, kuna ukuta wa tumbo: utando wa ndani, tabaka tatu za misuli, kisha ngozi. Kawaida utando hushonwa pamoja na msuli wa ndani kabisa kwa mshono wa mfululizo, misuli miwili ya nje hushonwa pamoja kwa mfululizo mwingine, na baadhi ya michomo ya sindano hushika tabaka la chini ili kusiachwe nafasi tupu ambamo majimaji yatatuama. Hapa ndipo mjadala mkongwe unapoingia: mfululizo, au moja moja?

Mshono wa moja moja una fundo lake kwa kila hatua. Mmoja ukikatika, wenzake hubaki kazini. Mfululizo ni uzi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, wenye mafundo mawili tu. Anayefungua gunia la unga wa kiwandani anajua kwamba akiivuta ncha inayotakiwa, mdomo wote unafumuka kwa mkupuo mmoja, na hofu ya madaktari wengi kuhusu mfululizo ni picha hiyohiyo. Kwa miaka mingi walimu waliwaambia wanafunzi: ukitaka usingizi wa amani, shona moja moja.

Hofu hiyo haikupata ushahidi mwingi wa kuiunga mkono. Mwaka 1976 T. P. N. Jenkins, daktari wa upasuaji nchini Uingereza, alichapisha maelezo ya matumbo ya binadamu yaliyofumuka baada ya kushonwa. Kosa kubwa halikuwa kwenye uzi wala kwenye fundo. Vyote vilikutwa vizima, uzi ukiwa umeipasua nyama uliyotakiwa kuishika. Tumbo likijaa gesi, alieleza, kidonda kinaweza kurefuka kwa hadi asilimia 30. Uzi mfupi uliovutwa kwa nguvu hauna akiba ya kufuata urefu huo, kwa hiyo unakata. Pendekezo lake lilikuwa la hesabu: uzi utakaobaki ndani ya mshono wa mfululizo uwe angalau mara nne ya urefu wa kidonda. Kidonda cha sentimita 20 kitameza uzi wa sentimita 80, pasipo kuhesabu ncha zilizokatwa.

Kanuni hiyo ilivuka kwenda kwa madaktari wa wanyama, na haishangazi. Mfululizo hugawa mkazo kwenye urefu wote wa kidonda: sehemu moja ikivutwa zaidi, uzi husogea kidogo na jirani zake hubeba. Pia huacha mafundo machache mwilini, na kila fundo ni rundo la kitu kigeni ambamo vijidudu hupenda kujificha. Zaidi ya yote unaokoa muda, na mnyama aliye chini ya nusukaputi, au ng'ombe ambaye ganzi yake inaisha, anauhitaji muda huo. Hata kwenye utumbo mwembamba, ambako woga ulikuwa mkubwa zaidi, uchunguzi wa mbwa na paka 83 uliochapishwa Marekani mwaka 1999 haukuona sababu ya kuukataa mfululizo. Masharti yake ni mafundo mawili yasiyo na mzaha: kwenye uzi laini wa nyuzi moja, fundo la mwisho huhitaji vifungo vitano au sita, na aliyezoea vitatu vya hariri atajuta.

Mwaka 2015 Waholanzi waliongeza jambo. Katika jaribio la wagonjwa 560 wa kibinadamu, nusu walishonwa tumbo kwa hatua kubwa za sentimita moja, nusu kwa hatua ndogo za milimita 5. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 21 ya kundi la kwanza walikuwa na ngiri kwenye kovu, dhidi ya asilimia 13 ya kundi la pili. Wapo wanaotamani kuihamishia hesabu hiyo kwa wanyama moja kwa moja. Ni vizuri kusita. Binadamu aliyefanyiwa upasuaji hulala chali kitandani; mbwa na farasi, wakizinduka tu, husimama na kuuning'iniza uzito wote wa matumbo juu ya mshono. Kwa mbwa, sindano huingia milimita 5 hadi 10 kutoka ukingoni, na kwa farasi mzima hufika hata milimita 15.

Kwenye tumbo la mbwa, aliyefungwa kizazi kwa mfano, kinachobeba ni mstari mweupe unaopita katikati ya tumbo, pamoja na ganda gumu la nje la misuli inayoungana hapo. Utando wa ndani hauhitaji kushonwa. Hujifunika wenyewe kwa siku chache. Misuli yenyewe nayo haishiki uzi vizuri. Daktari anayechota nyama nyingi nyekundu ili kujiridhisha kwamba ameshona kwa nguvu amejidanganya, kwa sababu nyama hiyo itanyongwa, itakufa na kuuacha uzi ukiwa umelegea. Ganda jeupe peke yake linatosha.

Ila ganda hilo hupona taratibu. Wiki tatu baada ya upasuaji bado halijafikia hata nusu ya nguvu zake za awali. Kwa hiyo uzi wa kizazi cha ng'ombe haufai hapa: katiguti huwa imeishiwa nguvu kabla ya mwili kujitegemea. Polidioksanoni, inayobaki na takribani nusu ya nguvu zake baada ya wiki nne, inaweza kusubiri. Kibofu cha mkojo kiko upande wa pili wa mizani, kwani hurudisha karibu nguvu zote ndani ya wiki mbili hadi tatu. Uzi usioyeyuka ukibaki ndani yake, madini ya mkojo huuzunguka na kuzaa jiwe. Duka la vifaa la wilayani mara nyingi huwa na aina moja au mbili tu za uzi, na hapo mtindo wa kushona unalazimika kufidia upungufu wa uzi. Hilo vitabu vya Ulaya havilisemi kwa urefu.

Kuna jambo linalowachanganya wanafunzi wa mwaka wa tatu. Wanaambiwa kingo za ngozi zisikunjwe kamwe kuelekea ndani, kwa sababu ngozi juu ya ngozi haiungani. Wiki inayofuata wanaambiwa kingo za rumeni, tumbo la kwanza la ng'ombe, lazima zikunjwe kuelekea ndani. Kote walimu wako sahihi. Utando wa nje wa viungo vya tumboni, ukigusana na mwenzake, hunata upesi na kuziba hata maji yasipite. Mfaransa Antoine Lembert alijenga mshono wake juu ya sifa hiyo mwaka 1826, na jina lake bado liko midomoni mwa wanafunzi wa Morogoro na Kabete.

Rumeni ndiyo mahali ambapo mishono ya kukunja inajidai. Ng'ombe na mbuzi wa mijini, wanaochungwa kandokando ya majalala, humeza mifuko ya plastiki, na mifuko hiyo haisagiki wala haitoki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki iliyokwishamezwa na ardhi na mifugo haikusoma matangazo. Daktari anayekwenda kuitoa hushona kwanza. Kabla ya kuipasua rumeni, huishona kwenye ngozi kuzunguka eneo lote la kupasua, ili uchafu wenye vijidudu usidondoke hata tone ndani ya tumbo. Kisha hupasua, huingiza mkono na kuvuta vibunda. Akimaliza, hufunga kwa safu mbili za kukunja, hubadilisha glavu na vifaa, na ndipo anapoufungua ule mshono wa ulinzi. Safu mbili hula sentimita kadhaa za ukuta, lakini rumeni ya ng'ombe mkubwa hubeba zaidi ya lita 100 na haitazikumbuka. Utumbo mwembamba wa mbwa mdogo, ulio na upana wa kidole, ukikunjwa hivyo unaziba. Huko kingo hukutanishwa tu, ana kwa ana.

Sikio la mbwa linatoa somo jingine, la mwelekeo. Mbwa mwenye maambukizi hutikisa kichwa mpaka mishipa midogo inapasuka na sikio linajaa damu kati ya ngozi na gegedu. Damu ikishatolewa, nafasi ile lazima ibanwe kwa mishono mingi inayopita sikio zima. Mishipa ya damu ya sikio hukimbia kutoka shinani kwenda nchani, kwa hiyo kila mshono huwekwa sambamba nayo. Aliyeshona kwa kukatisha, hata kama mafundo yake ni mazuri namna gani, amefunga mabomba, na ncha ya sikio inaweza kuoza.

Kwa ngozi ya ng'ombe, nene na ngumu, madaktari wengi hutumia mshono wa Ford, mfululizo ambao kila hatua hujifungia kwenye iliyotangulia. Ni wa haraka na haulegei. Mwenye busara huumaliza kabla ya kufika chini, na kuweka mishono miwili au mitatu ya moja moja mwishoni. Usaha ukijikusanya, utashuka hadi pale chini; mshono mmoja utafunguliwa, kidonda kitatiririka, na sehemu iliyobaki haitaguswa. Mishono mitatu, dakika mbili, na wengi wanairuka kwa sababu giza limeingia. Uzi wenyewe wa ngozi ni nailoni nene, na penye uhaba hata mshipi wa kuvulia samaki, ukishatakaswa, umewahi kuifanya kazi hiyo vizuri.

Swali la nani atautoa uzi huonekana dogo, lakini huamua mtindo mzima. Mbwa wa mtaani anayekamatwa kwa ajili ya kampeni ya kufunga uzazi na kuachiwa hatarudi baada ya siku 10 hadi 14 kutolewa nyuzi. Kwake ngozi hushonwa kwa ndani, sindano ikitambaa chini ya uso wa ngozi kwa uzi unaoyeyuka, na fundo likizikwa. Kwa ng'ombe anayetokwa na uke, mshono wa Mjerumani Bühner hupitisha utepe mpana chini ya ngozi kuizunguka sehemu yote ya nje na kuikaza. Unashika vizuri mno. Utepe huo usipofunguliwa kabla ya siku ya kuzaa, ndama hana mlango, na ng'ombe atachanika au ndama atafia humo. Daktari asiye na uhakika kwamba kuna mtu wa kuhesabu siku hizo afikirie mara mbili kabla ya kuutumia.

Ubunifu katika mambo haya haukuanzia vyuoni. Robert Felkin, daktari Mwingereza, alisimulia katika maandishi ya mwaka 1884 upasuaji wa mama mjamzito alioushuhudia Bunyoro, Uganda ya leo, mwaka 1879. Tumbo la mama yule lilifungwa kwa pini saba nyembamba za chuma zilizopitishwa kingoni, kisha zikazungushiwa kamba ya gome la mti. Pini zilitolewa kidogo kidogo kuanzia siku ya tatu, na siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Huko Ulaya, walioondoa damu kwenye shingo za farasi nao walifunga tundu kwa pini na singa zilizozungushwa juu yake. Pini hubeba mkazo, kamba hukutanisha kingo. Kazi mbili, vitu viwili. Mishono ya leo ya kupunguza mkazo, inayoshika mbali na karibu kwa zamu au kupitishwa kwenye vipande vya mpira wa dripu ili uzi usizame, hufuata mgawanyo huohuo.

Kisha kuna vidonda ambavyo mtindo sahihi ni kutokushona. Punda aliyeng'atwa na fisi jana usiku, au mbuzi aliyekatwa panga na kuletwa siku ya pili, ana vijidudu ndani ya nyama, na kumfunga ni kuvifungia mle. Kidonda huoshwa kwa maji mengi, nyama iliyokufa hukatwa, nacho huachwa wazi. Kikiwa safi siku ya tatu hadi ya tano, kinaweza kushonwa. Kisipokuwa safi, kijazwe na mwili wenyewe kutoka chini. Wafugaji wengi huona daktari amekwepa kazi. Hajakwepa.

Kwa hiyo mfugaji anayetaka kumkagua daktari wake asiishie kwenye mstari wa nje. Kabla gari halijaondoka, amwulize ni uzi gani uliotumika ndani, ni lini mishono ya ngozi itolewe, na sehemu ipi ifunguliwe uvimbe ukitokea. Kwa ng'ombe tarehe ya kutoa mishono kwa kawaida ni wiki mbili hadi tatu baadaye. Aiandike kwenye kadi ya mnyama, asiisubiri kichwani.